Mtumbwi Wangu na Pilau Yenu

Utange, Kisauni.

Kwa Bi Mwanarehema,
Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, na (nasema haya kwa masikitiko) Mpishi Mkuu wa shughuli zote zinazolalamikiwa humu.

Bi Mwanarehema wa heshima,

KUH: KUSITISHWA KWA PILAU MPAKA MTUMBWI WANGU UTAKAPOELEA

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wajukuu, na kwamba moto wa jikoni kwako umezimwa. Ukiwa unawaka, basi najua mnanipikia tena, na hapo itakuwa nimechelewa kuandika.

Nakuandikia wewe kwa sababu mbili. Ya kwanza, wewe ndiwe Mwenyekiti, na malalamiko ya jirani juu ya majirani zake hupita kwako. Ya pili, wewe ndiwe mpishi. Kwa hivyo nakushtaki kwako wewe mwenyewe, na nakuomba uihukumu kesi yako kwa uadilifu.

Nieleze kwanza mambo yalivyoanza. Mimi, kama ujuavyo, ni mzaliwa wa kisiwani. Kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuwatolea watu mizigo yao bandarini. Meli nimezijua maisha yangu yote, lakini nimezijua kwa makaratasi. Ukiniuliza mbele ya meli ni wapi na nyuma ni wapi, nitakwambia nionyeshe hati kwanza. Nilihamia hapa Utange na marehemu mke wangu Alawiya ili tupate upepo na nafasi. Upepo tuliupata. Mwaka uliofuata Alawiya akatangulia mbele ya haki, ikabaki nafasi, tena nyingi kuliko inavyomfaa mtu mmoja.

Binti yangu Israa, aliyeolewa Maskati, alinambia kwa simu nitafute kitu cha kufanya kwa mikono, nisikae kutazama ukuta. Mtu mwenye akili zake angepanda mchicha. Mimi nilikwenda barazani msikitini baada ya alasiri, nikatangaza kwamba nitaunda mtumbwi.

Na laiti ningeishia hapo. Niliongeza kwamba kuunda vyombo kumo damuni mwetu. Bi Mwanarehema, babu yangu aliuza vifungo na nyuzi. Kitu pekee alichopata kuunda kwa mbao ni sanduku la kuwekea hivyo vifungo, na kifuniko chake kilikuwa hakifungi. Lakini watu walikuwa wananisikiliza, na ulikuwa muda mrefu sijasikilizwa. Nikaahidi kwamba nitauvuka huu mkono wa bahari mpaka ng'ambo kwenye mikoko, kisha nirudi, mkinitazama kwa macho yenu, ili mwache kuniita "yule bwana wa kisiwani". Hilo ndilo nilitakalo, na sina jingine. Nivuke, nirudi, nihesabiwe mtu wa hapa.

Kuunda kwenyewe nimejifunza kwa video za mzungu mmoja mwenye ndevu, wa nchi ya baridi. Huyo huchukua plaiwudi, akaikata, akaishona kwa nyaya, akaigandisha kwa gundi, ukawa mtumbwi. Yeye humaliza kabla chai yake haijapoa. Mimi nimepoteza mwaka, ukucha wa kidole gumba, na meza ya kulia chakula, ambayo sasa ni sehemu ya mtumbwi upande wa nyuma, ikiwa huko ndiko nyuma.

Kisha ikaja desturi. Sote twajua kwamba kwetu pwani chombo kipya hakitiwi majini hivi hivi kama ndoo. Husomwa Yasini, hufukizwa ubani, hupikwa sadaka watu wakala, ndipo chombo kikashuliwa. Desturi siipingi, na mbuzi wa kwanza nilimnunua mimi. Linalonikera ni hili: mtumbwi huu nimeushua mara nne, nimezama mara nne, na nyinyi mmekula pilau mara nne. Katika biashara yoyote niliyopata kuiona bandarini, mtu anayepata faida kila mwenziwe anapopata hasara huchunguzwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hukumu ya Sharif. Nilipozama mara ya kwanza nilidhani sadaka nimekwisha kuitoa, na kwamba nitatengeneza palipovuja nijaribu tena kimyakimya. Sharif, ambaye ndiye mwenye kutusomea dua, akaja mpaka uani kwangu. Akaupapasa ubao nilioubadilisha, akatikisa kichwa, akasema, "Ubao mpya, chombo kipya. Na chombo kipya chataka sadaka yake." Mara ya tatu sikubadilisha ubao wowote, niliongeza gundi tu. Nikajua nimemshika. Alifikiri kidogo, akasema hata gundi mpya. Wote mliokuwapo mkaitikia kwa vichwa, na mmoja wenu alikuwa ameshakuja na sahani. Mwidani mvuvi alibadilisha ubavu mzima wa hori lake la kuvulia mwaka jana na sikuonja hata kashata.

2. Kunyamaza kwa Mwidani. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilipoanza kuunda, niliona yule mzungu hapaki mbao zake mafuta ya papa. Nikamhurumia. Nikasema maskini huyu hana wazee wa kumfunza. Mimi nikazipaka mbao zote mafuta ya papa, ndani na nje, kama ninavyosikia vyombo vyetu hupakwa tangu jadi, mpaka paka wa mtaa mzima wakahamia kwangu. Baada ya hapo ndipo nikatia gundi. Mwidani, mvuvi wa tangu utotoni, alikuwa akipita kila siku nikipaka. Alisimama, akavuta ile harufu, akasema, "Mashallah, mafuta mazuri hayo." Kisha akauliza, "Shughuli ni lini?"

Wiki iliyopita nilivaa miwani nikalisoma kopo la gundi. Limeandikwa wazi kwamba gundi hii haishiki penye mafuta. Limeandikwa kwa lugha nne, na tatu kati yake nazisoma. Nakiri kwamba kopo hilo nilikuwa nalo mkononi mwaka mzima, na kwamba mimi ni mtu niliyelishwa na kusoma makaratasi ya watu. Lakini Mwidani alijua! Nilipomwendea na kopo langu hakukana. Alinijibu kwa adabu zote: "Bwana Mahfudh, mtu mzima hafunzwi kazi iliyo damuni mwake." Nikarudi nyumbani na kopo langu.

3. Dua yenyewe. Sharif huomba hivi, nami nanukuu: "Ewe Mola, kihifadhi chombo hiki na aliyemo. Na ikiwa kheri iko katika kurudi kwake upesi, basi mrudishe upesi." Amina ya sehemu ya kwanza huwa ya kawaida. Amina ya sehemu ya pili iliwarusha kunguru minazini. Mimi mwenyewe, nimekaa ndani ya mtumbwi na kafi mkononi, nilijikuta nimeitikia pamoja nanyi. Twaambiwa dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Naona dua ya mwenye kunusa pilau haina hata ukuta.

4. Matayarisho ya kuniokoa. Oduor, fundi wa kuchomea vyuma aliyepanga nyumba iliyo nyuma yangu, huingia majini kabla yangu. Hutafuta mahali pake, maji yakamfika kiunoni, akakunja mikono akangoja. Na hapo ndipo ninapozamia, kila mara. Safari ya tatu niligeuza upande kwa makusudi ili nimkomeshe. Akasogea kidogo tu, akanambia, "Mzee, wewe zama tu, mimi niko." Bi Mwanarehema, hayo si maneno ya kumwambia nahodha.

Pamoja na hayo, nikitolewa tu majini huletewa kikoi kikavu na tangawizi ya moto. Sikatai, tangawizi ni nzuri. Lakini kile kikoi huwa kimepigwa pasi. Mtu anayekaa na pasi ya makaa akanyoosha kikoi cha kumvisha mtu ambaye bado hajazama, huyo amekwisha kumkatia tamaa, tena kwa utaratibu.

5. Saa yako. Hili lakuhusu wewe. Nimekuchunguza kwa muda. Mchele huutia sufuriani tunapouinua mtumbwi mabegani. Makaa ya juu ya kifuniko huyapanga ninapopiga kafi la kwanza. Nikishazama, nikashikwa na Oduor, nikavishwa kikoi, nikanywa tangawizi, wewe wafunua sufuria na mchele umeiva, punje mbalimbali, haukuganda wala haukushika chini. Yaani kuzama kwangu umekufanya kipimo cha mapishi. Mara ya nne nilijitahidi sana, nikakaa juu ya maji zaidi kuliko siku zote, na pilau ikaungua chini. Nikadhani nitasikia hongera. Nilichosikia ni, "Leo Bwana Mahfudh ametuchelewesha."

6. Wageni. Sadaka, kama ujuavyo, huja kuliwa nyumbani kwangu. Mara ya kwanza tulikuwa sisi wa mtaani tu, tukijuana. Mara ya nne walikuja watu kutoka Mtopanga kwa miguu, na bwana mmoja wa Frere Town aliyedai kuwa jamaa yangu. Nilimuuliza ni jamaa kwa upande gani. Akasema kwa upande wa mtumbwi. Ukumbi wangu ulijaa, ua ukajaa, watu wakakaa mpaka kwenye ngazi, na nilipata kazi kufika chumbani kwangu kubadilisha nguo. Watoto walilala kwenye makochi ya marehemu. Vikombe vilivyokuwa kabatini tangu harusi yetu vilitolewa vyote vikatumika, na hakuna aliyeniuliza, isipokuwa wewe.

Tena nilipotaka kulikomesha jambo hili kwa kutonunua mbuzi, mlichanga mkamnunua wenyewe. Niambie, mtu atawanyima vipi chakula watu wanaojiletea?

7. Jina. Ubavuni mwa mtumbwi nimeandika Tawakali, kwa rangi nyeupe, kwa mkono wangu. Mtaa mzima wauita Sinia. Juzi dukani nilimsikia mama mmoja akimgombeza binti yake aliyeacha kitambaa katikati ya kushona: "Kazi yako wewe ni kama ya Bwana Mahfudh." Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya unga, nikabaki hapo mpaka walipoondoka. Watu wengine huwa methali baada ya kufa. Mimi nimekuwa methali na bado nanunua sukari.

Hayo ni saba. Yako mengine, kama lile la kunisifu kwa jinsi ninavyozama ("siku hizi azama kwa heshima zake"), lakini sitaki nionekane mtu wa kulalamika.

Sasa maombi yangu. Mafuta nimekwisha kuyapangusa. Nimeziparura mbao mpaka zikaonyesha rangi yake, nimezishona upya, na gundi mpya nimeitia kama kopo linavyoamrisha. Kwa hivyo naomba utumie mamlaka yako uamuru kama ifuatavyo:

Sadaka iliwe baada ya mtumbwi kufika ng'ambo na kurudi, si kabla wala wakati mmoja na kuzama. Aliyekwisha kula mara mbili azuiwe kusema amina. Oduor asimame nchi kavu, na kama ni lazima aingie majini, basi afumbe macho ili asinionyeshe pa kuzamia. Sharif atoe hukumu nyengine kuhusu gundi. Na kila atakayekuja pwani siku hiyo ale kiapo kwanza kwamba ataka mimi nivuke, kabla hajala kitu kingine chochote.

Ikiwa haya yatakushinda, naomba nipewe mstari wa kamba pwani, umbali ambao harufu ya bizari haifiki, na wenye njaa wote wakae nyuma yake. Ikishindikana hiyo, naomba siku hiyo mtaa wote ufunge. Naam, saumu ya sunna, ina thawabu zake, na nitakuwa nimewasaidia.

Na ikiwa hata hilo halitawezekana, basi nitahama. Nitakwenda Likoni. Nitaupakia mtumbwi kwenye mkokoteni, niuteremshe mpaka kivukoni, na niuvushe kwa feri. Najua itakavyoonekana, chombo cha majini kuvushwa maji na chombo kingine, na mwenyewe nimekaa pembeni na kafi. Aibu hiyo nimeipima nikaiona naiweza. Likoni hakuna anijuaye. Huko nitazama kwa amani, peke yangu, kama mtu mwenye heshima zake, na hakuna atakayesema mchele umeiva.

Nisalimie wajukuu wote. Nisalimie Sharif, na umwambie afupishe dua. Nisalimie Oduor na mkewe. Wasalimie kina mama wa kikoi na tangawizi. Mwidani naye msalimie, ingawa hastahili, na umwambie kopo ninalo. Kwa yule jamaa yangu wa Frere Town sina salamu kwa sasa, maana bado sijalijua jina lake.

Ni mimi jirani yako, mwenye kungoja haki na nguo zikauke,

Mahfudh
Nahodha wa Tawakali

Tanbihi: Barua hii niliiandika jana nikaikalisha juu ya kabati ili nikuletee leo. Lakini asubuhi hii, baada ya sala ya alfajiri, nilishindwa kungoja majibu. Gundi ilikuwa imekauka. Nikauburura mtumbwi peke yangu mpaka majini, nikapanda, nikapiga kafi.

Bi Mwanarehema, umeelea. Wallahi umeelea. Halikuingia hata tone. Nilipita mahali pa Oduor, nikapita katikati, nikafika ng'ambo nikaushika mkoko kwa mkono wangu huu. Kisha nikageuka nizione nyuso zenu, na pwani ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu wala moshi. Nilipiga ukelele, "Nimefika!" na sauti yangu ikanitia haya, kama mtu anayezungumza peke yake na akasikiwa. Nikarudi. Kurudi nako kulikuwa rahisi, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nilipokuwa nikiuvuta mtumbwi nchi kavu nilijua jambo ambalo sikutaka kulijua. Tangu Alawiya aondoke, ni mara nne tu nimerudi nyumbani nisikute kimya, na mara zote nne nilirudi nimelowa. Leo nimerudi mkavu. Nilifungua mlango, nikaketi kwenye ngazi, nikalia.

Barua naileta hivyo hivyo kwa sababu mwandiko wake umenipendeza, lakini usiitekeleze. Hakuna aliyeniona, nami nakuomba usimwambie mtu. Jumamosi baada ya alasiri, inshallah, tutaushua. Mbuzi ni wangu safari hii. Nimekwisha kuutoboa mtumbwi, na tundu nimelifanya dogo, ili hata watakaotoka Mtopanga kwa miguu wawahi.